Furaha ya mmisionari huanza anapojifunza kupokea

Miezi ya kwanza ugenini furaha haihitaji kutunzwa. Kila kitu ni kipya, wenyeji wanakuchangamkia, kanisa lililokutuma bado linakutaja kwa jina kila Jumapili, na hata kupotea njia kunakuwa jambo tamu la kusimulia. Kazi yenyewe huja baadaye, kwa wengi wetu kati ya mwezi wa nne na wa kumi, asubuhi moja unapoamka ukajikuta huna hamu ya kufungua mlango. Hujamwacha Mungu. Hujagombana na mtu. Umechoka tu kuwa mtu asiyeelewa.

Sisi tuliotumika miaka mingi mbali na kwetu tunatofautiana kwa mengi, lakini kwa hili sisi ni wamoja: shukrani ya mmisionari haiji kwa sababu mambo yamenyooka. Inakuja anapoacha kujiona mtoaji. Tunaagwa nyumbani kama watu wanaopeleka kitu, tunafika tumebeba mipango ya kutoa, na furaha inatukwepa mpaka siku tunapokubali kwamba sisi ni wageni, na mgeni huanza kwa kupokea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika umisheni tumeiona methali hiyo ikigeuka mara nyingi mno, mgeni ndiye anayepona.

Ni vizuri kujua mapema kinachokupata katika miezi hiyo mibaya, maana asiyejua hudhani imani yake imekufa. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza na kikundi cha wanawake mjini Rio de Janeiro kuhusu mshtuko wa utamaduni. Alieleza kwamba mgeni huanza na kipindi cha fungate, cha siku chache hadi miezi sita hivi, kisha huingia katika uchungu, halafu hupata nafuu, na mwisho huzoea. Chanzo, kwa maelezo yake, ni kupotea kwa alama ndogondogo tunazoziegemea bila kujua: lini umpe mtu mkono, useme nini ukikutana naye, utajuaje kama anatania au amekasirika. Alitaja pia dalili: kunawa mikono kupita kiasi, hofu ya maji na chakula, hasira kubwa kwa ucheleweshaji mdogo, kutamani kukaa na watu wa kwenu tu, na kukataa kujifunza lugha. Wamisionari wana dalili moja ya ziada ambayo tumejifunza kuisikiliza vinywani mwetu wenyewe, nayo ni maneno mawili: "hawa watu". Yakianza kujirudia katika mazungumzo ya mezani na katika maombi, ujue shukrani imeshaanza kuvuja.

Dawa yake ya kwanza ni lugha. Watu wengi hushangaa tukisema hivyo, kwa sababu wanaihesabu lugha kuwa maandalizi ya utume, kitu cha kumaliza haraka ili kazi ianze. Lugha ndiyo kazi ya mwaka wa kwanza, na ndiyo shule ya kupokea, maana hakuna namna ya kujifunza kusema bila kumtegemea mwenyeji kwa kila neno. Uwe mkweli kuhusu muda. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo hukadiria takriban wiki 36 za masomo ya kutwa kwa Kiswahili, na wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Hao ni watu wanaolipwa kusoma na hawafanyi kitu kingine. Ukijipangia miezi mitatu kwa lugha ya namna hiyo, umejiandalia aibu, na aibu ni adui mkubwa wa furaha.

Namna inayofaa ni ndogo na ya kila siku. Tafuta mwenyeji mmoja mvumilivu wa kukusaidia, ambaye si lazima awe mwalimu kwa kazi, na umlipe kwa haki kama anakutengea saa zake. Asubuhi andikeni pamoja sentensi nne au tano za kitu unachohitaji kusema leo hiihii. Rudia naye kwa saa moja, mrekodi kwenye simu, msikilize tena peke yako. Kisha toka ukaziseme sentensi hizo kwa watu ishirini au thelathini kabla jua halijazama, usiongeze neno. Maneno ya siku ya kwanza kabisa tunapendekeza yawe haya, kwa lugha yao: "Najifunza lugha yenu. Leo najua haya tu. Asante kwa kunisikiliza. Nitarudi kesho." Angalia kilichomo humo. Kuna ungamo la upungufu, kuna shukrani, kuna ahadi ya kurudi. Mtu akiyasema mara thelathini kwa siku moja, shukrani imeanza kuwa kazi ya ulimi kabla haijawa hali ya moyo, na tumeona mara nyingi moyo ukifuata.

Mambo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukaa darasani mwaka mzima ukizungumza na mwalimu na mwanafunzi mwenzako tu. Unajua sarufi, lakini jirani hajui jina lako. Ya pili ni kuanza kuhubiri kwa mkalimani mapema. Mkalimani mzuri anakunyima njaa ya lugha, na kila mwaka unaopita aibu ya kuanza upya inazidi. Tunawaomba sana makanisa yanayotuma yasimdai mmisionari mpya taarifa za mahubiri katika miezi kumi na miwili ya kwanza. Mdaini taarifa ya majina ya watu aliozungumza nao.

Kuna kitu kidogo cha kufanya ibadani katika majuma yale ambayo huelewi chochote. Weka kipande cha karatasi ndani ya Biblia, na penseli. Kila unapolitambua neno moja katika mahubiri, chora kistari. Juma la kwanza utakuwa na vistari vinne, na viwili kati yake ni jina la Yesu. Juma la tano vinafika upande wa pili wa karatasi. Halafu inakuja Jumapili moja ambayo unasahau kuchora, kwa sababu neno "neema" limepita na sentensi nzima nyuma yake, umeielewa, na mchungaji hajui kwamba mtu wa benchi la nyuma amelishwa. Zihifadhi karatasi hizo. Siku utakapodhani hujapiga hatua, zitoe uzitazame.

Sasa kupokea kwenyewe. Kabla hujapokea chochote, muulize msaidizi wako wa lugha namna watu wa pale wanavyoshukuru. Kuna jamii ambako neno la shukrani kwa ndugu au rafiki wa karibu humfanya ajione mtu baki, na shukrani hasa huonekana baadaye, kwa tendo. Kuna ambako kutosema papo hapo ni utovu wa adabu. Uliza pia kama zawadi hufunguliwa mbele ya mtoaji, kama hupokewa mara ya kwanza au baada ya kusitasita, na nani apewe shukrani, aliyeleta au mkuu wa nyumba. Nusu saa ya maswali haya itakuokoa na makosa ya miaka.

Zawadi ya kwanza usiikatae, hasa ikitoka kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wako. Hapa ndipo wamisionari wema huumiza watu bila kukusudia. Tunamwonea huruma mjane anayeleta kitu, tunamrudishia, tukidhani tumempunguzia mzigo, kumbe tumemwambia kwamba hana hadhi ya kutoa. Pokea. Wala usilipe siku hiyohiyo. Zawadi inayojibiwa papo hapo inakuwa biashara: deni limefungwa na uhusiano umefungwa nalo. Subiri majuma kadhaa, kisha nenda nyumbani kwake na kitu cha uzito uleule au pungufu kidogo. Ukileta kikubwa mara tano umemshinda, na hakuna anayependa kushindwa na mgeni. Kama kuna kitu daktari amekukataza kula, sema kabla hujaketi, si baada ya sahani kuwekwa mbele yako. Yesu alipowatuma wale sabini aliwaagiza wakae katika nyumba ileile, wale na kunywa walivyopewa, wasihamehame nyumba kwa nyumba. Tulipokuwa wageni wachanga tuliyasoma hayo kama maagizo ya safari. Sasa tunayaona kuwa ndiyo mbinu yenyewe ya utume, kwamba mjumbe atafika akiwa anahitaji sahani ya mtu mwingine.

Ziko zawadi za kuogopa, na ni vyema zitajwe. Zawadi kubwa inayokuja kwa siri, au kutoka kwa mtu anayetaka barua ya viza, ajira au ada, ipokelewe mbele ya wazee wa kanisa la pale au isipokelewe kabisa. Waulize wazee hao. Wao wanajua nani anatoa kwa upendo na nani anafunga kamba.

Na omba msaada. Azima chombo, omba uelekezwe, mwombe jirani akuangalizie mtoto. Mmisionari anayejitosheleza kwa kila kitu ataheshimiwa, lakini hatakuwa jirani wa mtu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na namna ya kuingia katika Kiswahili bila mwenyeji. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwezi Juni mwaka huo, aliyemsaidia alikuwa kadhi, mwanachuoni wa Kiislamu. Tukumbuke hilo kila tunaposimulia habari za tafsiri ya Biblia kwa lugha yetu.

Krapf huyohuyo anatuleta kwenye jambo gumu. Mwezi uliofuata, Julai 1844, alimzika mkewe Rosine, na kichanga chao cha kike naye akafa. Furaha ya utume isiyoweza kusimama kando ya kaburi la namna hiyo haifai kufundishwa. Kwa hiyo tunapokuja kwenye daftari la shukrani, ambamo mmisionari huandika kila jioni jambo la kushukuru, tuelewane vizuri kwamba daftari halikusudiwi kufunika msiba.

Daftari liwe dogo la kuingia mfukoni. Kila jioni mstari mmoja, na mstari huo uwe na mtu na tendo. "Jumanne. Mama wa nyumba ya tatu alinisahihisha neno lilelile mara nne, hakucheka." "Jumatano. Kijana wa stoo alinifuata barabarani kunirudishia chenji niliyosahau." "Alhamisi." Halafu hakuna kitu, tarehe peke yake. Alhamisi ya namna hiyo iache ilivyo. Siku tupu iliyoachwa tupu ni ya kweli kuliko sentensi ya kujilazimisha. Mara moja kwa mwezi soma kurasa zote, chagua majina mawili, nenda ukawaambie ana kwa ana ulichokiandika. Wengi watakuwa wamesahau tendo lenyewe.

Utafiti nao umegusa jambo hili. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambamo kundi moja liliandika, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na kundi jingine liliandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa uzuri zaidi na waliitazamia wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Wamisionari hatushukuru ili tujisikie vizuri. Tunashukuru kwa kuwa yuko wa kushukuriwa. Lakini inatia moyo kuona mwili nao unakubaliana na zoezi.

Daftari huharibika linapoanza kuwa la jumla. "Asante kwa uzima, asante kwa ulinzi, asante kwa upendo." Ukiona majuma matatu yanafanana, umeacha kutazama watu na umeanza kukariri. Rudi kwenye majina. Tena lina hatari yake ya pili, ile ya kulitumia kama bandeji juu ya kidonda kisichosafishwa. Kwa hiyo geuza daftari, anza kutoka nyuma, na huko andika maombolezo: ulichopoteza, uliyemkosa kumzika nyumbani, mtoto anayekua bila kuwajua babu na bibi zake, rafiki aliyekusaliti. Zaburi zimejaa maneno ya namna hiyo, na ingawa nyingi hugeuka kuwa sifa kabla hazijaisha, ya 88 inaishia gizani na bado imo ndani ya Biblia. Kurasa za mbele na za nyuma zitakuwa zinasogeleana. Ziache zikutane katikati zenyewe, usiziharakishe.

Mwili nao uangaliwe kabla ya kuilaumu roho. Eliya alipoomba kufa jangwani, hakupewa hotuba. Alilala, malaika akamwamsha akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, na neno la Mungu likaja baada ya safari ndefu. Ikiwa furaha imekauka pamoja na usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili mfululizo, nenda kwa daktari. Apime damu, malaria na tezi ya shingo, na akuulize unatumia dawa gani. Wamisionari wengi hawajui kwamba meflokwini, kidonge cha kila wiki cha kuzuia malaria, inaweza kuleta ndoto za kutisha, wasiwasi na huzuni nzito. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kali kwenye dawa hiyo. Mtu anaweza kukesha akitubu dhambi asizozijua, kumbe ni kidonge. Usikiache mwenyewe, maana malaria inaua. Mwambie daktari akubadilishie, zipo nyingine kama doksisaiklini. Na siku moja ya kupumzika kila wiki iwe siku kweli, simu ya kazi imezimwa, hata kama Jumapili ni siku yako ya kazi.

Linalofuata ni hesabu ya matunda, ambalo huua furaha polepole kuliko yote. Kanisa lililokutuma litauliza wangapi wameokoka. Swali halina ubaya, lakini likiwa chakula chako cha furaha utakufa njaa. William Carey alifika India mwaka 1793, na Krishna Pal, seremala aliyekuwa ametibiwa bega na daktari aliyetumika pamoja na Carey, alibatizwa mwishoni mwa Desemba 1800. Adoniram Judson alifika Burma mwaka 1813 na kumbatiza Maung Naw mwaka 1819. Johannes Rebmann alikaa kwetu pwani ya Afrika Mashariki tangu 1846 hadi 1875, akarudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, na waliobatizwa katika miaka yake walikuwa wachache mno. Kama furaha ya hawa ingetegemea idadi, Carey asingefika mwaka wa tatu.

Wale sabini walirudi wakifurahi kwamba hata pepo wanawatii. Yesu hakuikataa furaha yao, aliihamisha: furahini kwa kuwa majina yenu yameandikwa mbinguni. Aliitoa kwenye kitu kinachopanda na kushuka akaiweka kwenye kitu kilichokwisha kufanyika. Kwa vitendo, hilo linabadilisha taarifa unayoandika. Badala ya safu moja ya "walioamini", weka safu ya ulichopokea mwezi huu: nyumba zilizokukaribisha, maneno uliyofundishwa, mtu aliyekuombea wewe. Mwezi ambao safu ya kwanza ina sifuri, ya pili karibu kila mara ina kitu, na wanaokutuma wanajifunza kuwapenda watu wa huko na si takwimu zao.

Barua za shukrani kwa wachangiaji zinastahili uangalifu kuliko zinavyopewa. Mfano bora tulio nao ni mwisho wa waraka kwa Wafilipi, ambao Paulo aliuandika akiwa kifungoni baada ya Epafrodito kumletea msaada. Anataja alichopokea na kwa mkono wa nani. Anakumbuka kwamba hawa walimtumia mahitaji alipokuwa Thesalonike, zaidi ya mara moja. Anasema wazi kwamba amejifunza kuridhika katika kushiba na katika njaa, kwa hiyo hawadai. Kisha anawabariki. Hakuna ombi jipya ndani yake.

Fuata njia hiyo. Barua itoke ndani ya wiki moja baada ya msaada kufika. Taja kiasi na matumizi yake. Eleza tukio moja tu, kwa undani. Weka maombi matatu ya kuombewa, ikiwemo moja la udhaifu wako mwenyewe. Isizidi ukurasa. Ombi la fedha liende kwa barua nyingine, siku nyingine, kwa sababu shukrani yenye ombi mkiani husomwa kama ombi. Fedha za matumizi yako na fedha za huduma ziwe kwenye akaunti mbili na madaftari mawili, na kila miezi mitatu tuma taarifa yenye kiwango cha kubadilisha fedha na tarehe yake. Manung'uniko mengi kati ya mmisionari na wanaomtuma huanzia hapo, si kwenye wizi.

Kipimo cha mwisho cha barua ni hiki: je, ningeweza kuisoma kwa sauti, kwa lugha yao, mbele ya watu ninaowaeleza? Kama sivyo, iandike upya. Picha isitoke bila ridhaa ya mwenyewe, na ya mtoto bila ridhaa ya mzazi. Mahali ambapo kuamini ni hatari, usitaje mji wala jina. Tunalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu tumeona kinachotokea mmisionari anapowachora wenyeji kuwa mafukara wa kuhurumiwa ili fedha zije. Fedha huja kweli. Lakini akitoka nje asubuhi anawaona watu kwa jicho la ile barua, na mtu unayemhurumia tu huwezi kumshukuru.

Wamisionari wenzako watakuumiza kuliko wenyeji. Heri ulijue hilo kabla. Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Marko, na miaka mingi baadaye Paulo akaandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Kinachosaidia ni saa moja kila juma, siku ileile, ambapo kila mmoja kwanza anamshukuru mwenzake kwa tendo mahususi la juma hilo, ndipo malalamiko yanapowekwa mezani. Utaratibu ukigeuzwa, malalamiko yakatangulia, saa haitoshi. Kukiwa na shauri zito, mpeni kiongozi wa kanisa la pale awapatanishe. Ni aibu kidogo, nayo ni aibu yenye afya: mmekuja kumhubiri Kristo kwake, na yeye anawarudisha kwa Kristo.

Kwa sababu hiyohiyo, jiweke chini ya uongozi wa kanisa linalokupokea tangu mwanzo. Waafrika tunao mfano wetu wenyewe wa mmisionari ugenini, Apolo Kivebulaya wa Uganda, aliyeingia Mboga, Kongo, mwaka 1896. Mtawala wa pale, Tabaro, alimpinga; Apolo alipigwa, akafungwa, akarudi palepale, na Tabaro huyo baadaye akabatizwa. Alipokufa mwaka 1933 aliacha maagizo azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi ilikuwa inaendelea. Hata kaburini hakutaka kuelekezwa nyumbani.

Wengi wetu lakini huondoka tukiwa hai, na kuondoka nako kuna kazi yake. Anza miezi miwili kabla. Kwanza patana na kila uliyekosana naye, kwa sababu ugomvi uliosafiri nao hautapata mtu wa kuumaliza. Kisha pitia madaftari yote, toa orodha ya majina, na nenda mlango kwa mlango ukishukuru kwa tendo lililoandikwa, si kwa "mema yote". Aga pia mahali: benchi lako kanisani, njia ya asubuhi. Vitu vya nyumbani vigawe kwa ushauri wa wazee, usiviuze kwa waumini unaowaaga. Huko uendako watakuuliza "kulikuwaje?" wakiwa wamesimama mlangoni, andaa jibu la dakika moja, jingine la dakika tano, na tafuta watu wawili watakaokupa saa nzima ya kusikiliza yaliyomo kwenye kurasa za nyuma. Wengi wanaporudi huanguka hapo, kwa sababu kwao pamegeuka ugeni na hakuna anayewahesabu kuwa wageni.

Na kama yuko mmisionari anayekuja kushika nafasi yako, mpitishe kwenye milango ileile. Ataje jina lake, waseme yao, awaambie zile sentensi nne za siku ya kwanza. Mfundishe majina hayo kabla hujamkabidhi ufunguo wa nyumba.